Siku Nilipoachwa Jukwaani Makoongwe

Mmeniomba niandike, vijana wangu wa kikundi, nami nimekaa wiki tatu na daftari hili bila kuandika neno. Si kwamba sina la kusema. Nimechoka tu. Mtu aliyesimama juu ya mbao miaka thelathini na zaidi, akipaza sauti ili asikike mpaka safu ya nyuma, akistaafu hataki hata kumwita kuku wake. Juzi jirani kanibishia hodi mara tatu. Nilimsikia, lakini sauti ya kumkaribisha sikuwa nayo.

Lakini nimeahidi, basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviacha, viko kwenye faili langu ofisini, na anayetaka kuvijua akaombe faili. Nitawaandikia aibu. Nimekaa nanyi katika vyumba vya kubadilishia nguo, nimeona mnavyolia mkikosea mbele za watu, na najua mnafikiri sisi wakubwa hatukukosea. Mimi nilikosea kuliko nyote, na kosa lililonipata kubwa zaidi hata halikuwa langu. Nitafika huko.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mjini Mkoani, karibu na bandari. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza skuli, nimeajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya utamaduni. Mwalimu Shaame, aliyekuwa akiongoza kikundi cha maigizo, alinisikia asubuhi moja nikigombana na muuza ndizi mlangoni. Akatoka, akanitazama, akasema, "Sauti yote hiyo unaimalizia kwenye ndizi?" Wiki mbili baadaye nikawa jukwaani.

Jukwaa lenyewe lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa matupu. Mchezo ulihusu kipindupindu, na mimi nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa na mistari minne tu, na nilikuwa nimeihifadhi mpaka mama yangu naye akaijua. Meli ilikuwa imeshafunga gatini, wachukuzi wamemaliza kushusha mizigo, wote wamekuja kutuangalia. Nikatoka nyuma ya pazia. Hatua ya tatu, mguu wa kulia ukazama kati ya mbao mbili mpaka gotini.

Nikautazama. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliutazama mguu wangu kama mguu wa mtu mwingine, na mistari yote minne ikanitoka. Kichwani ikabaki salamu peke yake. Nikasema, "Assalaam aleikum." Watu wakaitikia. Nikasema tena, wakaitikia tena. Mara ya tatu mchukuzi mmoja akapaza sauti, "Dada, tushaitikia! Sema ulilojia!" Bandari nzima ikaangua kicheko.

Mwalimu Shaame ndiye aliyekuwa daktari katika mchezo ule, na hakungoja zamu yake. Alitoka na mkoba wake, akachuchumaa penye mguu wangu, akawageukia watu. "Mnamuona huyu? Kachelewa kuja hospitali mpaka ardhi imeanza kumchukua." Wakacheka tena, lakini safari hii waliucheka mchezo, mimi wakaniacha. Huku akiuvuta mguu, akanitajia mistari yangu kwa mnong'ono, mmoja baada ya mmoja, nami nikaisema. Kanga ilichanika na kovu la goti ninalo mpaka leo.

Nyuma ya pazia nilimwambia sirudi tena. Alikuwa akijifuta jasho kwa kofia yake. "Ukiondoka sasa," akasema, "Mkoani watakukumbuka kwa mguu. Ukirudi keshokutwa, watasahau."

Nilirudi. Hawakusahau, lakini nilikuwa nishaipenda kazi.

Huyu Mwalimu Shaame nyinyi hamkumkuta. Alikuwa mfupi, mkavu, aliyesomesha skuli miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na aliandika michezo yetu yote kwa mkono kwenye madaftari ya wanafunzi. Kila ninachokijua nilikipata kwake. Alinifundisha kuvua pete kabla ya kupanda jukwaani, maana pete hunasa nguo ya mwenzio. Alinifundisha kufunga kanga kwa mkanda ndani, ikivutwa isitoke. Alinifundisha pia kubandika ndevu. Nyinyi mna gundi ya dukani. Sisi tulikuwa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na utomvu wa fenesi. Ukitia utomvu mwingi, ndevu zinakaa mpaka kesho na ngozi inatoka nazo. Ukitia kidogo, zinaanguka. Mwalimu mwenyewe zilimwangukia kwenye bakuli la uji akiwa katikati ya maneno, akazila kidogo ili mchezo usisimame. Alikohoa wiki nzima.

Mwaka wa tatu akaletwa Kombo, fundi wa jenereta na spika. Alikuwa kijana mkimya, anayezungumza na mashine kuliko na watu. Kila tulipokwenda, yeye alifika kwanza na kuondoka mwisho, na hakuna aliyempigia makofi. Alinichumbia kwa njia yake: mchana mmoja, tukiwa Wete, alinipa maikrofoni, akasema, "Hii nimeitengeneza iwe nyepesi, mkono usikuume." Sikuelewa. Baada ya wiki mbili wazee wake wakaja kwetu. Mama yangu alikubali siku ile ile. Mama yake ilimchukua muda, kwa sababu mkwe wa jukwaani siye aliyekuwa akimwomba Mungu ampe.

Tulioana na tukawa tunafanya kazi pamoja. Hili wengi wenu mnaliona ni jambo zuri. Lina siku zake. Zilipokuja maikrofoni ndogo za kubana kwenye nguo, Kombo alizifurahia kama mtoto. Katika kijiji kimoja nilirudi nyuma ya pazia na yangu ikiwa imebaki wazi. Sheha wa pale, kiongozi wa kijiji, alikuwa amesimama kutushukuru, na shukurani zikawa ndefu. Nikamwambia mwenzangu, "Huyu akimaliza, watoto waliokuja wakitambaa watakuwa washaoa." Spika zote mbili zikalitoa neno lile, safi kabisa. Sheha, Mungu amrehemu, akageukia pazia akasema, "Nimebakisha maneno mawili, mwanangu. La kwanza ni ahsante. La pili umenisahaulisha."

Nilitoka nikamwomba radhi mbele ya watu. Kombo alisema ni juu yangu kukumbuka kuzima, nami nikasema ni juu ya fundi. Hatukusemezana mpaka tulipofika Chake.

Aibu kama ile ilipita. Nyingine ilikuja polepole, na hatukuitambua kuwa ni aibu. Mwalimu aliandika mchezo wenye mwanamke anayegombanisha nyumba za watu, jina lake Mama Fitina, akanipa mimi. Mchezo ule ulipendwa mno. Tuliucheza kila mahali, mpaka uwanja wa Gombani, na jina likanigandia. Sokoni watoto walinifuata, "Mama Fitina! Mama Fitina!" Nilicheka. Nilikuwa nikipunguziwa bei ya samaki kwa ajili ya jina lile.

Kombo je? Yeye akawa "mume wa Mama Fitina." Dukani, kwenye msikiti, kwa mafundi wenzake. Kisha tukaenda harusini kwa jamaa zake, na bwana mmoja akamtambulisha kwa jina hilo mbele ya wazee wake, watu wakacheka mpaka mama yake akainama.

Usiku ule aliniambia, "Mie nina jina langu."

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia akawaambie hao wanaomwita.

"Nakwambia weye."

Hapo nikatamka neno ambalo kama ningeweza kulimeza leo ningelimeza. Nilimwambia, "Bila Mama Fitina, nani angemjua Kombo?"

Alikwenda kukunja nyaya zake. Asubuhi yake tulikuwa na safari ya Makoongwe.

Makoongwe mnaijua, ni karibu, kutoka Mkoani unavuka kwa boti muda mfupi tu. Tulikuwa na mchezo mpya, habari ya mume anayemwacha mkewe kwa hasira na watoto wanavyotawanyika. Mimi nilikuwa mke, jina langu Saada. Mume wangu wa jukwaani alikuwa mwenzetu Salim. Mwalimu alikuwa mtu wa kutahadhari: talaka si neno la kuchezea, basi kabla ya kuanza mazoezi alikwenda kumuuliza Shehe wetu. Shehe alimwambia kwamba mtu akisimulia maneno ya mwingine, kama anayesoma kitabuni, hamwachi mtu. Tutumie majina ya watu wasiokuwepo, na tusichupe mpaka. Tulifanya hivyo, na tulikuwa tumeshaucheza mara tano bila tatizo.

Asubuhi ile pale Mkoani, Salim akaja anatetemeka kwa homa, meno yanagongana. Watu wa Makoongwe walikuwa wanatungoja toka saa tatu. Mwalimu akamtazama Salim, akatazama boti, kisha akamtazama Kombo aliyekuwa akipakia jenereta.

"Kombo, huu mchezo umeusikia mara ngapi?"

"Mpaka nimechoka nao, Mwalimu."

"Basi leo utausema."

Kombo alikataa. Mwalimu akambembeleza. Mwisho alikubali kwa sababu Mwalimu Shaame hakuwa mtu wa kukataliwa mara mbili. Na katika sisi sote, watu saba wazima ndani ya boti, hakuna aliyewaza kwamba safari hii mume wa jukwaani na mume wa nyumbani walikuwa mtu mmoja. Wala mimi. Nilikuwa nimekaa upande wangu na hasira zangu, natazama maji.

Tulicheza kwenye uwanja wa skuli. Watu walikuwa wengi, wanawake mbele na watoto wao, wanaume wamesimama nyuma. Na Kombo, nawaambieni kweli, alikuwa mzuri. Alikuwa ndani ya koti la Salim lililomzidi mikono, lakini alisimama kama mwenye nyumba yake, sauti imetulia. Nilijiuliza mtu huyu alikuwa wapi miaka yote. Tukafika pale pa ugomvi. Mimi nilisema yangu, kwa ukali kama ilivyoandikwa, labda na zaidi kidogo. Ilikuwa zamu yake. Maneno yake yalikuwa, "Saada, kuanzia leo wewe si mke wangu. Nimekuacha."

Aliinua mkono. Nikamuona analitafuta jina. Midomo ilifunguka, haikutoa kitu. Akanitazama usoni.

"Mize," akasema, "kuanzia leo wewe si mke wangu. Nimekuacha."

Mize ni mimi.

Nikausikia mlio wa jenereta nyuma ya madarasa. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja, baadaye nilijua jina lake ni Bi Time. Alijiziba mdomo kwa kanga, kisha akaiteremsha. "Yarabi," akasema, "kamwacha."

"Si mchezo tu?" mwenzake akauliza.

"Mchezo gani? Yuno si ndo mkewe mwenyewe? Hao walikuja wote mara ile, kabeba spika, mkewe kabeba mkoba."

Neno likatoka mstari wa mbele likaenda wa pili, wa tatu, mpaka kwa wanaume. Mwalimu Shaame akachomoza kwenye pazia. Mtu aliyekuwa na jibu kwa mguu uliozama na kwa ndevu zilizoanguka alisimama pale, akafumbua mdomo, na alichokipata ni, "Mchezo umekwisha. Ahsanteni." Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika nusu.

Kombo alibaki amesimama, mkono bado uko juu. Hakujua aushushe vipi.

Kurudi, Mwalimu alikaa katikati yetu ndani ya boti kama mtu anayezuia mbuzi wawili wasipigane. Tuliposhuka Mkoani, Kombo alinifuata. "Mize, mie—"

"Nyamaza!" Mwalimu akamkatiza. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele nje ya jukwaa. "Mpaka tuonane na Shehe, weye usimwambie huyu neno lolote. Hata salamu."

Nikaenda kwa mama yangu. Habari zilikuwa zimenitangulia, sijui kwa njia gani, na mama alikuwa amekaa mlangoni akiningoja.

"Kweli kakuacha?"

"Sijui, mama."

"Kwa sababu gani?"

"Kasahau jina la Saada."

Mama akainuka. "Saada ndo nani? Kaoa?"

Nilicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na mama akanishika mkono akaniingiza ndani bila kuuliza tena. Siku tatu nilikaa mle. Wanawake walikuja. Wengine walinipa pole, wengine walikuja kuona uso wangu ukoje. Mmoja aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba haya ndiyo mavuno ya jukwaa. Nilimshukuru. Nilikuwa nimelala chali nikitazama makuti ya dari na nikiwaza mambo madogo madogo: nani anampikia, kama amekumbuka dawa yake ya kifua. Na nikiwaza lile neno nililomwambia usiku ule. Katika siku tatu zile sikumwambia mtu yeyote kuhusu neno lile.

Siku ya nne tulikwenda kwa Shehe. Wanaume walikaa barazani. Mimi na mama tulikaa ndani, mlango wazi, tunasikia kila kitu. Alikuwepo na bwana mmoja aliyekuja kuulizia habari ya mirathi, Shehe akamwambia asiondoke, huenda akahitajika.

"Kombo," Shehe akaanza, "nieleze. Yale maneno uliyasema kama mtu anayesoma kitabu, au uliyasema wewe?"

Mwalimu akawahi kusema, "Shehe, maneno niliyaandika mimi, na mimi ndiye niliyemlazimisha—"

"Sikuulizi wewe, Mwalimu. Namuuliza yeye."

Nikaishika kanga yangu kwa meno. Jibu lilikuwa jepesi. Aseme tu, "Niliigiza," na alasiri ile ile tungekuwa nyumbani kwetu. Kila mtu pale barazani alikuwa akiomba aseme hivyo, nadhani hata Shehe.

"Sijui, Shehe," Kombo akasema.

"Hujui?"

"Nilikuwa nalitafuta jina la kwenye karatasi. Sikulipata. Nikamtazama, na nilikuwa na hasira naye. Jina lake ndilo lililokuja. Siwezi kuapa kwamba niliigiza. Wala siwezi kuapa kwamba nilimwacha."

Mama alinitazama. Nikainamisha kichwa. Kuachwa kwa kusahau ni jambo la kuchekesha, mtu huweza kulisimulia. Lakini kusikia mume wako anaulizwa kama alikuacha, naye anasema hajui, hilo sikuwa na pa kuliweka.

Shehe aliitembeza tasbihi mkononi. Mwisho akasema kwamba katika talaka mzaha hauko mbali na kweli, na kwa vile mwenyewe hana yakini, yeye anachukua upande wa tahadhari. "Tuihesabu talaka moja. Eda haijesha, na mlango uko wazi. Unamtaka mkeo?"

"Namtaka."

"Basi mrejee. Mashahidi hawa hapa."

Bwana wa mirathi akavuta kofia yake vizuri. Kombo akasema, "Nimemrejea mke wangu, Mize binti Hamad bin Omar." Alilitaja jina langu lote, na la baba, na la babu, polepole, kama mtu anayevuka daraja bovu.

Tulipokuwa tunatoka Shehe akaniita. "Na weye, Mize, kwa nini uliondoka kwako? Mwanamke aliyeachwa moja hukaa nyumbani kwake mpaka mambo yaishe."

"Nilikuwa na aibu, Shehe."

"Aibu iko Makoongwe. Nyumba yako imekukosea nini?"

Tukarudi nyumbani. Kombo aliwasha jiko, akachemsha chai, akanipa. Nilimwambia kuhusu lile neno, kwamba nimekosa. Akasema ameshasamehe. Nikamuuliza kama tutaendelea na kazi, akasema kazi ni kazi. Lakini sikumuuliza nililotaka kumuuliza, na kitu kile kikakaa baina yetu kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Nje ndiko kulikokuwa kugumu. Kila tulipofika kucheza, kabla sijafungua mdomo, mtu alipaza sauti, "Mize, umesharejewa?" Mwalimu Shaame alizeeka mwaka ule. Alitaka kulichana daftari la mchezo. Nami nilikuwa radhi alichane. Kisha akaja mjumbe kutoka kwa sheha wa Makoongwe: watu wanauliza mwisho wa mchezo. Walioona nusu wanataka nusu yao.

Nilisema siendi. Nilisema nitaomba kurudishwa kwenye kupiga chapa. Kombo alikuwa anasafisha plagi ya jenereta, hakuinua kichwa. "Twende," akasema. "Mimi ndiye niliyewakatishia."

Tulikwenda baada ya mwezi. Mwalimu alikuwa ameliandika upya lile tendo. Talaka ilitolewa nyuma ya pazia, hakuna aliyeisikia, na Saada alitoka tu na bunda la nguo kichwani. Salim alikuwa mzima, Kombo alikuwa kwenye mashine yake. Kabla hatujaanza, Bi Time akasimama pale mbele, akajishika kiuno.

"Kwanza tujue," akasema. "Mwanangu, mmerudiana?"

Uwanja mzima ukaningoja. Nikaenda mpaka ukingoni mwa jukwaa. "Tumerudiana, Bi Time."

"Alhamdulillahi. Na yeye yuko wapi?"

Nikamuonyesha. Watu wote wakageuka kumtazama Kombo, amesimama na grisi mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, wakampigia makofi. Alikohoa, akainama, akajifanya anakaza waya uliokuwa umekazwa.

Nilipotoka na bunda kichwani, hakuna aliyecheka wala kupiga mluzi. Nilitembea kutoka upande mmoja wa jukwaa mpaka wa pili bila kusema neno, ndivyo Mwalimu alivyoandika, na nikasikia wanawake wanalia. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuona mtu akiigiza vile. Baada ya mchezo, mwanamke mmoja kijana, ana mtoto mgongoni, alinivuta pembeni akaniambia mumewe alimwacha kwa hasira kisha akasema alikuwa anatania, na mwaka wa pili huu anaishi naye bila kujua kama yeye ni mkewe au si mkewe. "Mie nilidhani mambo haya hayaulizwi," akasema. "Kumbe nyie mlikwenda kuuliza." Nikampeleka kwa mke wa sheha, tukakaa naye mpaka boti likatuita. Ya kwake yaliishaje sijui. Mengi katika kazi hii hutayajua mwisho wake.

Nimeendelea miaka mingi baada ya hapo. Mwalimu Shaame alifariki akiwa na daftari jipya nusu. Kombo alistaafu kabla yangu, sikio la kushoto limeharibiwa na jenereta. Niliigiza bibi harusi, kisha mama mkwe, kisha bibi. Mwaka jana nilisahau mistari mara mbili, na mara ya pili sikushtuka hata kidogo, nikajua muda umefika. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, ahsanteni, inakwenda vizuri.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa uani, alasiri, Kombo anamenya chungwa kwa kile kisu chake. Tulikuwa hatuna la kufanya, sisi wawili, jambo ambalo hatujalizoea. Nikamuuliza.

"Kombo, ile siku kwa Shehe. Kwa nini hukusema tu kwamba uliigiza?"

Akanigeuzia sikio zima. Nikarudia. Alikaa na kisu juu ya ganda.

"Ningesema hivyo," akaniuliza, "ungeniamini?"

"Ningekuamini."

"Leo. Siku ile je?"

Nikafikiri. Nilikuwa na muda wa kufikiri, sasa ninao mwingi. Miaka yote niliihesabu ile "sijui" kuwa ndiyo talaka yenyewe, na ile ya jukwaani kuwa ajali. Nikamkumbuka alivyonitazama pale Makoongwe akilitafuta jina, na nikajua kwamba lau angeapa mbele ya Shehe kuwa aliigiza, ningerudi naye nyumbani nikinyamaza, na kila alipofungua mdomo kuniita ningejiuliza ni yupi anayesema, mume au mwigizaji.

"Siku ile nisingekuamini," nikasema.

"Nilijua," akasema. Akamaliza kumenya, akalipasua chungwa, akanipa nusu iliyokuwa kubwa.